Kwa Baba Yetu Suud, Mwenye Trai Arobaini na Saba

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipomaliza chai yako, ukaomba kikombe cha pili, ukatuaga kabla hakijafika. Mama anasema katika miaka ishirini na tisa ya ndoa yenu hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiacha chai ikapoa. Kikombe chenyewe kipo kabatini. Mgeni akikinyooshea mkono, Mama humpa kingine.

Naandika mimi, binti yako Aliya, kwa niaba ya nyumba nzima. Khitma tumeisoma jana hapa Matrah, kando ya Maskati, na watu walijaa mpaka ngazini. Halwa ilitosha, alhamdulillahi. Waraka huu tunawapelekea na jamaa wa Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu wengi wao walikujua ulipokuwa fundi wa mitambo ya umeme Unguja, na wachache sana waliamini ulichokuwa kabla ya hapo.

Basi na wasikie tena. Ulizaliwa ukiitwa Wilfred Sugden, katika mji mdogo wa viwanda vya sufu kaskazini ya Uingereza. Ulicheza raga. Si ile ya mabwana wa vyuo, ulikuwa ukikasirika mtu akizichanganya, bali ile ya watu kumi na watatu, ya wachimba makaa na wafuma sufu waliotoka kazini Jumamosi mchana wakaenda uwanjani na vumbi masikioni. Ulikuwa winga. Kazi yako ilikuwa kukaa pembeni, kuupokea mpira na kukimbia nao mpaka uuweke chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Hiyo ndiyo trai. Msimu wa mwaka 1931 kuingia 1932 ulitia trai arobaini na saba, na katika timu yenu hakuna aliyewahi kufika hapo, si kabla yako wala miaka mingi baada yako. Kisha goti likavunjika. Ukajifunza mitambo, meli ikakuleta Unguja, ukasilimu, ukamwoa Mama, na babu akakupa jina la Suud. Ulikuwa ukisema umechezea timu mbili tu maishani na hukujuta kuingia hata moja.

Mchezo wenyewe tuliujua kwa mto wa Mama. Kila Ijumaa baada ya chakula uliuchukua pale kochini, ukautia kwapani, ukatupanga mimi na kaka yangu Marhoon ukumbini.

"Mpira hapewi mtu aliye mbele," ulikuwa ukitufundisha. "Unampa aliye nyuma yako, halafu nyote mnakwenda mbele."

"Mchezo gani huo wa kwenda mbele kwa kurudi nyuma?" Mama akauliza. "Na mto wangu una kosa gani?"

"Hauna kosa, Mama Aliya. Una umbo zuri tu."

"Nnakwambia uweke chini!"

"Nikiuweka chini ni trai."

Ukauweka chini, miguuni pake, na Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake. Mzaha huo huo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alicheka.

Mwaka 1964 tulipoondoka Unguja tulikuwa na mabegi matatu. Albamu yako ya magazeti, yenye picha zako za masharubu na jina lako kwa herufi kubwa, ilibaki juu ya kabati. Ungeweza kwenda kwenu. Pasi yako ilikuruhusu, na afisa wa bandarini alikuuliza mara mbili kwa nini uende Maskati. Ukamjibu, "Kwetu ni anakokwenda huyu na mto wake." Maana mto Mama aliubeba.

Siku ya kwanza hapa Matrah tulikaa sakafuni katika chumba cha kupanga, na Mama alikuwa akiililia nyumba yake. Ukakaa karibu naye, ukasema maneno ambayo hatujayasahau: "Nyumba imekwenda. Albamu imekwenda. Lakini arobaini na saba ipo pale pale. Hiyo haihitaji sanduku." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na siku ile ndipo nilipofahamu kuwa kwako ile haikuwa hesabu ya mchezo tu. Ndicho kilikuwa kitu pekee cha zamani ambacho hakuna aliyeweza kukunyang'anya.

Matrah ilikuzoea upesi. Ulitengeneza mashine za maji, injini za maboti, hata cherehani za majirani, na mifuko ya kanzu yako ililia kwa skurubu kila ulipopita. Ukitaka kulipwa ulisema, "Kahawa yatosha." Baada ya Alfajiri ulikuwa ukitembea mbio mbio mpaka njia ya Riyam, na goti lako hilo, mpaka siku moja askari akakusimamisha.

"Nani anakufukuza?"

"Hapana mtu."

"Basi wewe unamfukuza nani?"

Ukamweleza habari za trai kwa muda wa nusu saa. Tangu siku ile alikuwa akikuona kwa mbali anageukia upande wa pili.

Na Bakhit, muuza kahawa wa sokoni, hakukuacha hata siku moja. "Ya Suud! Jana zilikuwa arobaini na saba. Leo hazijazaa?"

"Hazizai, hazifi," ulikuwa ukimjibu, na kikombe chako kiko tayari.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho, alisema tabibu, na tusubiri likomae ndipo litolewe. Hukulalamika. Ulinambia tu, "Haya, Aliya, Kiingereza nilichokusomesha sasa kinirudie." Nikawa mimi ndiye wa kukusomea barua za dada yako, Shangazi Edith, ambazo zilikuja kila baada ya miezi miwili, kurasa nne kamili, nani kaoa, nani kafa, nani hamsemeshi nani.

Ile ya Mei mwaka jana nayo ilikuwa na kurasa nne. Nilisoma mbili vizuri. Nilipofungua ya tatu nikaona ameandika kwamba kijana mmoja wa timu yenu, jina lake Colin, ametia trai ya arobaini na nane Jumamosi iliyopita, na uwanja mzima ulisimama. "Mwambie kaka yangu pole pole," aliandika.

Nikakutazama. Umekaa na mkono juu ya goti, uso umeuinua kidogo, unangoja.

"Anasema," nikaanza, "anasema mvua imenyesha."

"Mvua?"

"Siku mbili mfululizo. Watu wote wametoka nje kuitazama. Na mabonde ya wadi yameshuka maji."

"Alhamdulillahi," ukasema. "Kuna aliyechukuliwa?"

"Hakuna. Mbuzi mmoja tu."

Ukamsikitikia mbuzi, ukaniomba barua ukae nayo, ukaitia mfukoni pamoja na skurubu. Mimi nikaenda jikoni. Nilimweleza Mama, naye akasema nimefanya vyema, mtu hapokonywi kitu chake cha mwisho. Lakini sikutulia. Nilikuwa sijapata kukudanganya hata kwa jambo dogo, na sisi tumelelewa tukijua kuwa radhi ya mzazi haichezewi. Nikasema nitamwambia, nitamwomba radhi, nangoja siku nzuri. Siku nzuri zilipita nyingi, Baba, na mimi nazitazama zikipita. Ikaja Oktoba.

Siku ya maziko watu walikuja kutuomba sisi samahani kwa niaba yako, huyu kwa neno, yule kwa deni la spana. Mimi niliyekuwa na langu sikuwa tena na wa kumwomba. Niliumia sana. Kila nilipokuombea dua nilimsikia mbuzi yule akilia. Na mvua ya kwanza iliponyesha Desemba, mtaa mzima ulitoka nje kuitazama, mimi nilifunga dirisha.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita imekuja barua kutoka Uingereza, imekunjika kama shuka ya mgonjwa, ina mihuri mpaka nyuma. Aliyeiandika aliweka anwani "Maskati, Unguja", kwa hiyo ikaenda Unguja, ikakaa huko miezi mingi bila mtu wa kuidai, ikapitia Mombasa, ikapitia sijui wapi tena, mwaka mmoja na robo njiani. Ina jina lako. Nikaifungua nimesimama. Nilipofika katikati nikakaa chini.

Nikamwita mume wangu Ghanim, huyo mkweo karani wa kampuni ya mafuta, mpole asiyeua hata inzi.

"Ghanim, ulimwandikia Baba barua?"

Akavua kofia yake, akaiweka magotini. "Nilimwandikia. Alikuja na barua ya Shangazi nimsomee iliyobaki, kisha akanambia niandike. Kila wiki akiniuliza kama posta ina kitu."

"Na mwaka mzima unaniona nnalia, umenyamaza?"

"Amana, Aliya. Baba kaniapisha. Na wallahi nilidhani unamlilia Baba. Sikujua kama unamlilia mbuzi."

Siku mbili alikula kwa mama yake. Nakwambia ili ujue kuwa nyumba inakwenda kama ulivyoiacha.

Basi leo, Baba, nakusomea barua yako, na safari hii siruki hata mstari. Nimeitia Kiswahili ili na wenzetu wasikie.

"Bwana Sugden mpendwa. Barua yako niliisoma mbele ya timu nzima, chumbani tunamobadilishia nguo. Sikutegemea kupongezwa na wewe, maana ndiye mtu niliyemchukulia kitu chake. Baba yangu alikuona ukicheza, naye anasema nisijivune, kwa mbio bado sijakukaribia. Tulicheka sana kwa habari za binti yako. Nayarudia maneno yako hapa ujue kuwa nimeyaweka: 'Dada yangu ameishi huko miaka sitini na tano na hajapata kuniandikia habari za mvua, kwa sababu huko mvua si habari. Binti yangu aliponisomea kuwa watu wametoka nje kuitazama, nilijua kuna jambo. Alipofika kwenye mbuzi nilijua ni kubwa. Tafadhali usimwambie mtu kuwa najua. Amejitwisha mzigo ili mimi nisiubebe, na sijapata kutunzwa kitu kizuri kuliko hicho, hata siku ile ya arobaini na saba. Radhi yangu anayo tangu alipotaja mvua. Nimeweka nia nimwambie mwenyewe siku itakaponyesha hapa, tukiwa tumetoka nje sote kuitazama.' Neno hilo radhi mkweo ameliandika kwa lugha yenu, nami nimelinakili herufi kwa herufi. Sijui maana yake lakini nadhani ni kitu kizuri. Uliniandikia pia kuwa kuna mtu sokoni hukuuliza kila asubuhi kama arobaini na saba zako zimezaa, na kwamba sasa zimezaa moja, nayo niipokee vizuri kwa sababu mpira hupewa aliye nyuma. Nimeipokea, Bwana Sugden. Ukija huku siku yoyote, kiti chako kipo uwanjani. Mvua utaikuta. Mimi, Colin."

Imekwisha. Hakuna nilichoongeza wala nilichopunguza.

Colin nimemjibu. Nimemweleza kuwa umetangulia, na nimemfasiria lile neno, ingawa ilinichukua ukurasa mzima na bado sijui kama ameelewa. Bakhit naye nilimwendea mwenyewe sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga kiganja juu ya meza yake, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Zimezaa! Wallahi zimezaa!" Asubuhi ile hakuna aliyelipa kahawa, na nusu ya walioinywa hawakujua ni kwa nini.

Wanaokukumbuka: mkeo Muhsina, ambaye Ijumaa husogeza mto wake mwenyewe mpaka ukingoni mwa kochi, mwanao Marhoon aliyeko Kuwait, mimi Aliya, na Ghanim, ambaye amekwisharudi kula nyumbani, mjukuu wako Sayyida, dada yako Edith huko Uingereza, aliyeandika juzi kurasa nne bila ya tone la mvua, Bakhit, na soko zima la Matrah.

Mvua za mwaka huu bado hazijaja. Zikija dirisha litakuwa wazi, nasi tutakuwa nje sote tukizitazama, na hapo tutakukumbuka, Baba, kama tukukumbukavyo kila siku aliyoileta Mungu.