Giaboksi ya Kadett na Leseni ya Konadu

Shule ya Udereva ya Birago,
Suame, Kumasi,
Ghana.

29 Aprili, 2012

Kaka yangu mpendwa Agyeman,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani kwako. Habari za Hamburg, na hiyo baridi imeanza kulegea? Goti lako je? Wifi Serwaa aliniambia kwenye simu kwamba unapanda ngazi kwa kujivuta, na ukiulizwa unasema ni viatu. Nenda hospitali, kaka. Viatu gani vinamfanya mtu achechemee tangu Krismasi?

Sisi huku wazima. Presha yangu imeshuka, kwa dawa na kwa kuacha samaki wa chumvi, ingawa hilo la pili nalifanya kwa kununa. Mvua zimeanza na paa la jikoni halivuji tena.

Sasa tuje kwenye gari, maana najua umenikasirikia. Ulitaka niiuze Kadett yangu ya kufundishia kwa watu wa vyuma chakavu, wewe unitumie gari la otomatiki. Nashukuru kwa moyo mkunjufu, na narudia: usitume. Pikapu ya zahanati ya kijijini kwetu ni ya gia, na mpwa wetu Konadu alikuwa anajifunza kwa ajili ya pikapu ile. Walimwahidi kazi kama angepata leseni kabla dereva wao, mzee Boadi, hajastaafu. Kumfundisha kwa otomatiki ni kumdanganya.

Kwenye simu ulisema msichana aachane na mambo ya kiume, nimtafutie cherehani. Nilinyamaza kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Karatasi haiishiwi salio, kwa hiyo leo utanisikiliza.

Siku dada yetu Amponsaa alipofariki wewe ulikuwa huko, na mimi nilifika jioni. Konadu alikuwa pale tangu asubuhi. Pikapu ilikuwa uani kwa zahanati, ina mafuta, na ufunguo unaning'inia mlangoni. Dereva alikuwa hoi kwa malaria. Katika watu wazima wote waliojaa pale, hakuna hata mmoja aliyejua kuiondoa. Walijaribu kuisukuma, kaka. Mtoto wa miaka kumi na moja alimwona mama yake akikata roho na mimba yake, na gari liko hapo hapo mbele yao. Sasa nenda wewe ukamwambie habari za cherehani.

Ndiyo maana giaboksi ya Kadett ilipokufa, mtihani ukiwa umekaribia, sikulia wala sikukupigia. Gia ya pili ilikuwa inasaga muda mrefu, kama mtu anayetafuna mchanga. Asubuhi moja haikuingia kabisa, na ya kwanza ikaifuata. Nikamchukua fundi wangu Baffour na Konadu, tukaivuta Kadett kwa kamba mpaka kwenye gereji za Magazine, kwa muuzaji anayeitwa Gyasi, ambaye vyuma vyake vinatoka huko huko kwenu.

Gyasi ni mtu wa maneno matamu. Aliniita mama mwalimu, akanipa kiti, akanionyesha giaboksi imeoshwa kwa petroli mpaka inang'aa. Nikamwambia kung'aa hata sufuria inang'aa. Niliingiza kidole kwenye oili, nikainusa, maana hapa wapo wanaopondea ndizi mbivu humo ndani ili gia mbovu zisipige kelele. Haikuwa na ndizi. Nikaizungusha, ikazunguka vizuri. Nikaanza kujiona mjanja.

Desturi ya pale unaijua: chuma kinafungwa kwenye gari lako, unaliendesha pamoja na mwenye duka, ukiridhika ndipo mnapeana mikono. Baffour akaifunga. Nikaendesha mwenyewe, Gyasi kando yangu na Konadu nyuma, hadi juu ya mlima wa Breman. Gia zote ziliingia kama kisu kwenye siagi. Gyasi alikuwa anaimba. Na mimi, kaka, nilikuwa tayari nimesema sawa, kilichobaki ni kupeana mikono.

Nikaona kurudi bure ni hasara, bora msichana apate somo. Nikampa Konadu usukani. Gyasi akahamia nyuma akilalamika kwamba yeye ana watoto. Tukaanza kuteremka. Konadu akaweka gia ya tatu, akarudisha mkono kwenye usukani kama ninavyomfundisha kila siku, akaachia mafuta. Gia ikachomoka yenyewe. Injini ikavuma, gari likawa huru linashuka.

Alikanyaga breki taratibu, hakubabaika. Gyasi akapiga kelele kutoka nyuma, "Msichana hajui kuendesha huyu! Nani aliyemwambia aachie gia? Ishike, dada, ishike!"

Nikamwambia Konadu arudie. Ikachomoka tena. Akarudia mara nyingine, ikachomoka vile vile, na kila mara mikono yake miwili iko kwenye usukani.

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Mlimani kote nilikuwa nimeegesha mkono wangu juu ya gia, kama dereva yeyote wa Kumasi. Mimi, ninayewachapa wanafunzi vidole kwa rula kwa kosa hilo hilo. Gia ilitaka kutoka, mkono wangu ukaizuia, nami nikaisifu.

Gyasi hakuona tatizo. "Mama mwalimu, Ghana nzima inaendesha imeshika gia. Mikono miwili umeiona wapi, kwenye kitabu?"

"Atakayekaa na huyu kwenye mtihani ana kitabu," nikamwambia. "Na mama mwenye uchungu huko nyuma hataki kusikia habari za kushikilia gia. Itoe."

Akasema nirudi Ijumaa. Nikasema leo. Akasema hana nyingine. Basi nikakichukua kile kiti alichonipa, nikakiweka mlangoni pa duka lake, nikaketi. Niliagiza kenkey na samaki wa chumvi, daktari anisamehe. Kila mteja aliyekuja kuulizia giaboksi nilimsalimu vizuri, nikamshauri akiijaribu atoe mkono kwenye gia. Sikumtukana mtu. Baffour aliinamisha uso kwa aibu, maana yeye na Gyasi wanakula pamoja, lakini hata yeye sikumruhusu aondoke.

Jua lilipoanza kuwa kali Gyasi alikuja kuninong'oneza nikakae ndani kwenye kivuli. Nikamwambia jua la Suame nimelizoea. Akaenda nyuma, akafunua turubai, akatoa giaboksi nyingine ambayo asubuhi haikuwepo duniani. Alisema ni ya mteja mwingine na namtia hasarani. Nikamwambia Mungu atamlipa.

Baffour akaifunga, na safari hii Konadu ndiye aliyeijaribu. Mimi nilikaa nyuma na mikono yangu nimeikalia. Alipanda Breman, akashuka Breman, akaachia mafuta kwenye kila gia, na hakuna iliyochomoka. Alipozima gari nilimtazama Gyasi, naye akamnyooshea mkono Konadu, si mimi.

Mtihani alifaulu mara ya kwanza. Kwa wanafunzi wangu hilo ni nadra, na kwa heshima ya shule sitakwambia nadra kiasi gani. Mzee Boadi alimkabidhi ufunguo mwenyewe.

Jumanne iliyopita alimleta mama mmoja hospitali kubwa ya hapa mjini, mtoto amekaa vibaya tumboni, na barabara ile unaikumbuka ilivyo wakati wa mvua. Mama amepona. Mtoto ni wa kiume, mzito, analia kama honi. Konadu alipomaliza kukabidhi mgonjwa alikuja kwangu, akaegesha, akabaki humo humo ndani ya pikapu analia. Sikumsumbua. Baadaye akanawa uso, akala fufu yake yote, akaondoka kurudi kazini.

Nisalimie wifi Serwaa, na mwambie vitambaa vimefika, rangi ya bluu nimeichukua mimi. Msalimu sana mwanao Kwaku, asiache kunywa maziwa. Shangazi Nyarko anakukumbuka na anauliza picha zako. Baffour naye anakusalimu, tumeshapatana. Mungu akulinde, akutengenezee hilo goti, akurudishe kwetu ukiwa unatembea wima.

Usijibu barua hii kabla hujampigia Konadu. Kwetu msichana akipata kazi, mjomba ndiye wa kwanza kumpongeza, na watu wote wameshampongeza isipokuwa wewe. Ananiambia mtandao ni mbaya ndiyo maana simu yako haiingii. Anajua si mtandao, kaka, na mimi najua.

Ni mimi dada yako, ninayekugombeza kwa sababu nakupenda,

Birago