Ndiyo za Bure kwa Wifi Yako

Nyumba ya nne, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 318.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko, habari za goti, na habari za shemeji na lori lake? Natumai barua hii inakukuta umekaa, kwa ajili ya goti na pia kwa ajili ya nitakayokueleza. Sisi hatuumwi. Tumechoka tu, lakini ukituona utadhani ndiyo kwanza tumetoka hospitali.

Kifungo hajambo, anakuamkia shangazi yake. Ameng'oka meno mawili ya mbele na kila neno analipigia mluzi. Mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili, akaondoka siku ya nne. Alisema yeye alikuja kumtembelea binti yake, hakuja kusimamia mitihani.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Wifi yako ameitwa kwenye usaili wa lile shirika la ndege la ng'ambo, na watu wao wanakuja kuufanyia mjini kwenu. Atafika kwako Alhamisi, Ijumaa atapumzika, Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Hapa kazini kwake ndege zinaruka mara mbili kwa wiki, zilizobaki zimefunikwa maturubai. Rubani wa miaka tisa kazini anashinda nyumbani akinipangia vifungo kwa rangi. Hii ndiyo nafasi yake, na kwa umri wake sidhani kama itapita nyingine.

Tangu Machi hatujazungumza kama mke na mume. Tunaulizana maswali. Uko futi elfu thelathini na tano, unataka kushuka hadi elfu tano, uanze ukiwa umbali wa maili ngapi? "Tisini," anajibu huku anamsuka Kifungo, wala hainui kichwa. Nikimwambia chai ipo tayari, ananijibu, "Nimepokea, chai ipo tayari." Mwanzoni nilicheka. Siku hizi namimina tu.

Meza yangu ya kukatia vitambaa imegeuka chumba cha marubani. Alichukua katoni ya viatu, akaitoboa, akachomeka miiko miwili. Wa kushoto ni injini ya kushoto, wa kulia ni ya kulia, na kuuvuta mwiko ndiko kuizima injini yake. Kifungo anakaa nyuma yetu, yeye ndiye abiria, na ni abiria msumbufu, kila dakika anataka soda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye neno. Injini moja ikifa angani, rubani haizimi kwa pupa. Anashika mwiko, anataja injini, kisha anamwambia mwenzake, "Thibitisha." Mwenzake anatazama mkono uko wapi, ndipo anajibu ndiyo au hapana. Ukizima ile nzima ukaacha iliyokufa, hakuna tena ndege. Kwetu hapa, mwenzake ni mimi.

Wiki za mwanzo nilitazama. Kisha zikaja sare za shule, mashati mia na arobaini, mwalimu mkuu anapita kila asubuhi kuulizia. Nikawa napinda mikono ya mashati na kujibu ndiyo bila kuinua macho, kama mtu anayeitikia amina. Naye, kwa kuwa jibu ni lile lile kila siku, akaacha kulisubiri. Anauliza na kuvuta papo hapo.

Jumanne iliyopita alikwenda kufanya mazoezi kwenye ile mashine inayoigiza ndege. Mkufunzi wake, rubani mstaafu asiyejua kubembeleza mtu, akamzimia injini ya kulia. Wifi yako akashika ya kushoto, akasema "Thibitisha," na kabla rubani mwenzake wa huko hajafungua mdomo akavuta. Mkufunzi akaisimamisha mashine. "Mama, umetuzika sote," akamwambia. "Nani amekuzoesha kuuliza bila kusubiri jibu?"

Alirudi saa nane mchana. Akavua viatu, akakaa juu ya mashati ya watu, nami sikuthubutu kumwondoa. Alisema miaka tisa hajawahi kufanya kosa kama lile, labda amezeeka. Kisha akasema anafikiri awaandikie kwamba haendi.

Dada, hapo ningeweza kunyamaza tu. Nisingesema neno lolote na yote yangekwisha kama nilivyotaka. Maana sasa nakueleza lile ninaloona haya kulieleza. Haikuwa uchovu peke yake. Kuna Jumamosi moja, nyuma kidogo, niliinua macho. Alisema injini ya kulia imekufa, na mkono wake ulikuwa kwenye mwiko wa kushoto. Niliuona kama ninavyoiona karatasi hii. Nikasema ndiyo. Akavuta, akaendelea na mengine, nami nikashona hadi mwisho wa pindo.

Mkataba wao ni wa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza familia hairuhusiwi kumfuata. Nilijiambia ni kwa ajili ya Kifungo, nani atamsuka, nani atamjibu maswali ya kike akikua. Kifungo ni kisingizio. Ni mimi. Nampenda mke wangu na naogopa nyumba isiyo na yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi nguo, ningepaswa kuwa wa kwanza kukiona.

Nilimwambia pale pale. Nilikuwa na pini mdomoni, ikabidi nizitoe moja moja kwanza, na hizo pini zilikuwa nyingi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuliza, "Mara ngapi?" Nikamjibu kwamba zile za kutotazama sijui idadi yake, ya kutazama ni moja. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Siku mbili tulisemeshana kupitia kwa Kifungo. Mwambie baba chumvi imekwisha. Mwambie mama nimeshanunua.

Ijumaa alasiri akaja na katoni, akaibwaga juu ya sare. "Kaa," akaniambia. Akasema injini ya kulia imekufa, akashika mwiko wa kushoto makusudi, akasema, "Thibitisha." Safari hii hakuvuta. Akanikazia macho.

Nikasema hapana.

"Sikusikia," akasema.

Nikasema hapana kwa sauti, mpaka Kifungo naye akaitikia hapana huko nyuma. Akahamisha mkono, akauliza upya, akasubiri. Tumefanya hivyo Ijumaa, jana, na leo baada ya chakula. Sare zimelala, mwalimu mkuu amenuna, potelea mbali. Kila nikimkatalia anatulia na kurekebisha, nami naona ninavyomsindikiza mlangoni kwa mdomo wangu mwenyewe. Yuko tayari, dada. Siwezi kukudanganya wewe uliyenilea.

Naiweka barua hii kwenye basi la kesho ili imtangulie. Kwenye simu nisingeweza, nyumba yetu ina chumba kimoja na nusu na masikio sita. Anakuja na katoni na miiko yake. Ijumaa akikukalisha pale mezani, tazama mkono kwanza ndipo umjibu. Najua utanionea huruma mdogo wako. Usimpe ndiyo ya bure kwa ajili yangu. Suti yake nimeipunguza kiunoni, amekonda, mlishe.

Nina ombi la mwisho. Wakimchukua, atataka kunipigia simu saa ile ile. Mzuie kidogo, mpe hata maji, na wewe unipigie kwanza. Nataka nilie nimalize, ili yeye akipiga anikute nina sauti ya kumpongeza.

Nisalimie shemeji, nisalimie wajomba zake Kifungo walioko huko mjini kwenu, wote wawili, mrefu na yule mcheshi, na bibi mpangaji wako mwambie gauni lake halijasahaulika. Mungu akupe goti jepesi na moyo mwepesi, akulindie wote walio chini ya paa lako, na huyo anayekuja pia.

Mimi mdogo wako akupendaye na kukuheshimu,

Fundi wako.