Ramani Iliyotoka Bila Boma Letu

Kakuma, Jumapili

Kaka Ekal,

Ejok, u mzima? Mama naye ejok? Na mbuzi, bado wanakohoa? Mimi niko sawa, nimenenepa, na wasichana wa huku wameshaona.

Najua unanitukana kwa sababu gari la chanjo ya mbuzi halikufika kwenu Namoruputh. Tukana, lakini soma mpaka chini.

Hapa ofisini kwetu, ofisi ya mifugo, kuna kijana Mkongo, Bahati. Anaandikia kompyuta maagizo, nayo inachora ramani yenyewe. Mimi ndiye nazunguka na pikipiki kuuliza kila boma limehamia wapi, jua lote kichwani mwangu. Yeye anabonyeza-bonyeza kivulini, maduara mekundu yanatokea pale mlipo, na mkubwa wetu anamwita injinia. Mimi ananiita "wewe". Kaka, roho iliniuma hadi ugali ukakataa kushuka!

Maduara hayo ni ya muda tu, maana nyinyi mnahama kila mara. Kompyuta inayaonyesha kwenye skrini, halafu inayafuta. Siku ile Bahati alipanga maagizo vibaya: ikafuta kwanza, ndipo ikachapa. Karatasi niliitoa mimi kwenye printa. Visima na barabara tu, duara hata moja hakuna. Nikasema moyoni, leo injinia ataniona. Nikaikunja, nikampa dereva wa Lodwar. Kwa kukosa duara, akaenda boma letu la zamani, akakuta mavi makavu tu.

Sikufikiria mbuzi wetu, kaka. Nilifikiria sura ya Bahati tu.

Mkubwa akataka kumfukuza. Bahati akanigeukia mbele yake: "Ndugu, karatasi ulitoa wewe. Hukuona iko uchi?"

"Niliona."

"Na ukaipeleka?"

"Nilitaka uaibike."

Unajua alifanya nini? Alicheka! Akakaa, akageuza maagizo, ichape kwanza ndipo ifute, na kabla sijameza mate maduara yakatokea kwenye karatasi. Hata kukasirika hajui, mtu huyu. Inaudhi.

Gari litarudi Alhamisi. Usihamishe mbuzi kabla, hata nyasi zikiisha. Duara letu nimeliona kwa macho yangu, na nitakaa mbele nimwelekeze dereva. Baada ya hapo nitaosha pikipiki zote za ofisi mwezi mzima, ndiyo adhabu niliyopewa na mkubwa.

Msalimie mama, mkeo mpishi hodari, na mdogo wetu wa mwisho, mwambie bado namshinda mbio.

Bahati anakuja pia. Mama akimpa maziwa kabla yangu, narudi Kakuma kwa miguu.

Ndugu yako mzuri wa sura,
Lokiru