Penye Kazi ya Babu

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Unauliza ujue nini kuhusu chuo hiki cha wakubwa kabla hujaomba nafasi. Maktaba yake inazishinda zote nilizoziona kabla hatujakimbia kwetu. Wenzako watakuuliza shule uliyotoka kabla ya jina, usibabaike.

Fomu nayo inauliza kazi ya baba na ya babu. Zamani zake mama yako, penye baba, aliandika “marehemu.” Tarishi aliyeipeleka fomu ile kwa msajili nilikuwa mimi.

“Maskini, yatima huyu,” msajili akasema.

“Maskini,” nikaitikia.

Mama yako hajui kwamba niliiona, usimwambie. Penye babu andika upendavyo, ila fomu bado nazipeleka mimi.

Ni babu yako, ningali hai.