Kiti cha Dirishani

Croydon, London
9 Februari 2025

Kwa Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Mimi mzima, ila baridi inanitafuna masikio. Goti lako linaendeleaje? Naandika kwa karatasi kama ulivyoamuru, maana unasema simu inakukata maneno.

Ile kazi nimeipata! Mimi Ghalia wa Kibokoni ndiye mkuu wa mikopo katika tawi la London la benki ya Kijapani, na wote walio chini yangu ni Wajapani. Mkutano wa kwanza niliwaeleza mpango wangu, nikauliza, "Nani anapinga?" Kimya. Wakatikisa vichwa kukubali, nami nikaona nimeshinda. Mama, mwezi umepita na hakuna hata jambo moja lililofanyika. Nikamwuliza naibu wangu, Bwana Okabe, mtu wa makamo yako. Akavuta pumzi kwenye meno, akasema, "Kuna ugumu kidogo." Ugumu gani? Hasemi.

Tokyo wameanza kuulizia. Nikishindwa, watasema walijua tangu mwanzo kuwa mwanamke mgeni hataiweza kazi hii. Raha hiyo siwapi.

Mwanao,
Ghalia

Mombasa
27 Februari 2025

Mwanangu Ghalia,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti linaniambia nikae, nami sikai.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimepandwa na hasira. Watu wazima watikise vichwa kisha wasifanye kitu! Piga meza. Mwite huyo Okabe mbele ya wenzake umwulize ugumu ni nini. Sikukulea uinamishe kichwa mimi.

Kaka yako Sufian anasema heri urudi, chumba chako cha juu kipo, anataka kukipaka rangi. Nimemwambia asinipigie kelele. Lakini ujue kipo.

Mamako

Croydon
6 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, na goti limepata akili.

Meza karibu niipige, nikakukumbuka wewe. Unaniambia nipige meza, wewe umepiga ipi? Posa ya Sufian ulizunguka nyumba za mashangazi wiki nzima, ukala halwa hadi tumbo likakuuma. Siku ya kikao ukakaa kimya kama hujui lolote, na wanaume wakaamua yale uliyokwisha kuyaamua!

Basi Wajapani ni wewe mtupu. Mkutanoni hawaji kujadiliana, wanaidhinisha tu kilichokwisha kukubaliwa pembeni, na kumpinga mkubwa hadharani ni kama kumvua nguo. Mimi niliwapa mkutano bila kuwapitia kwanza. Nimewafuata mmoja mmoja, kwenye kahawa, kwenye lifti. Okabe nimepanda naye treni hadi kwake, ambako sina shughuli yoyote. Huko walisema yote. Mpango wangu ulikuwa na makosa, tumeurekebisha, kazi inakwenda.

Ila wameniambia na jingine. Kuna mteja mkubwa, rafiki wa siku nyingi wa makao makuu, anataka mkopo mwingine. Kila mtu ofisini anajua hataweza kuulipa, na hakuna anayethubutu kusema. Nimekataa kutia saini. Sasa mkurugenzi, Bwana Murase, anakuja kutoka Tokyo. Usihangaike.

Mwanao,
Ghalia

Mombasa
30 Mei 2025

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Uliniambia nisihangaike kisha ukanyamaza, ndiyo nini hiyo? Simu nazo hupokei.

Kama wamekufukuza, sema. Sufian ameshakipaka chumba rangi ya samawati na kutundika mapazia. Anawaambia watu unarudi. Rudi ukitaka. Ukitaka, nimesema, sijakuita.

Mamako

Croydon
22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Sikutaka kukuandikia nikiwa nalia.

Murase alikuwa na adabu tele. Alinipa zawadi ya biskuti. Lakini watu wangu wakaanza kunikwepa macho, na jioni moja Okabe akaniambia, "Kesho ukiamua kupumzika nyumbani, hakuna atakayeshangaa." Nikaelewa. Murase alikuwa ameshawapitia wote, isipokuwa mimi. Nilikuwa naondolewa ukuu, napewa cheo cha mshauri. Wao hukiita kiti cha dirishani: unapewa heshima na chai, unatazama nje, kazi hupewi. Na mkopo ungetiwa saini na mwingine.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika mkutanoni. Nilivaa ile shela uliyonipa Idi. Murase akasoma uamuzi, akamaliza kwa lile swali la desturi, kama kuna mwenye pingamizi. Nikasema, "Mimi. Mkopo huu ni mbaya, na kila aliye humu ndani anajua."

Mama, kilifuata kimya ambacho sijapata kukisikia. Zamani ningekijaza kwa maneno. Safari hii nilikaa ndani yake.

Kisha Okabe akasimama. Yule ambaye tangu nimjue hajatamka hapana. Akafunga kifungo cha koti, akainama kwa Murase, akasema, "Napinga." Akasimama na wa pili, halafu yule msichana wa mahesabu anayeogopa hata kuuliza choo kiko wapi. Murase akalifunga faili, akasema jambo litatazamwa upya.

Bado nimekalia kiti changu. Mkopo haujasainiwa. Wanaweza kurudi kunitoa, na wakirudi watanikuta hapa hapa. Mwambie Sufian ang'oe mapazia yake. Kile chumba kipangisheni.

Mwanao,
Ghalia

Mombasa
11 Julai 2025

Ghalia wangu,

Marahaba, marahaba tena. Nimelia, kisha nikamsomea jirani, naye akalia.

Chumba nilikwisha kukipangisha, wiki nzima kabla barua yako haijafika. Yumo mwalimu mmoja, jina lake Miska, haipendi ile samawati. Sufian alikasirika, akaitisha kikao cha ukoo kunipinga, eti nimekufungia mlango.

Alipouliza nani yuko upande wake, walinyamaza wote. Nilikuwa nimeshawapitia.

Mamako