Idrisa Apumzike

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Ulijua. Tangu jana saa tisa mchana narudia neno hilo moja na bado halijaniingia. Nimelisema kwenye basi, nimelisema kwenye lifti, mtu na mbwa wake wakanitazama. Ulijua, na bado ulikaa kwenye kiti chako cha dirishani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, ukaniacha nikudanganye miezi yote ile mpaka ulipolazwa.

Ngoja nianze mwanzo, maana hukupenda hadithi zinazoanzia katikati.

Jana nilikwenda maktaba kurudisha kile kitabu. Kile nilichokifunika kwa karatasi ya kahawia, nikakuambia ni kukilinda kisichafuke. Haikuwa hivyo. Kwenye jalada kuna wasichana wawili wameshikana mikono juu ya paa, na niliyemwogopa ni Mama, si uchafu. Kwenye kaunta alikuwa amekaa mama mmoja wa Kihindi, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Alikipokea kitabu, akaipapasa ile karatasi, kisha akaniangalia vizuri. Akasema kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Tanga kama chako:

"Wewe ndiye mke mwenza?"

Bibi, jina hilo halijatoka nje ya nyumba yetu. Ulinibandika nikiwa na miaka tisa, wiki uliyofika London, ukaonyesha picha ya Babu ukutani na kuniambia, "Huyu ni mume wetu sote, lakini zamu zangu ni nyingi kuliko zako." Shuleni sijawahi kulitaja. Nikashika ukingo wa kaunta.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mimi ni Bi Shirin. Kule Tanga bibi yako alikuwa wa Barabara ya Kumi na Mbili, mimi ya Nane. Tulijuana hapa hapa, kwenye chai ya wazee ya Jumanne. Mlifika wapi?"

"Wapi?"

"Kwenye kitabu. Sisi tulibakisha hadithi ya mwisho."

Sisi.

Unakumbuka tulivyoanza? Mtoto wa jicho alikuwa amekufunga macho yote mawili, tunasubiri barua ya upasuaji isiyokuja. Mimi nikirudi shule saa kumi, nakuta redio imezimwa na wewe unasikiliza mabata wa ziwani wakigombana chini ya ghorofa. Siku moja ukasema, "Nisomee." Nikakuletea kitabu cha watoto. Ukakisukuma. "Nisomee unachosoma wewe. Na usinisomee Kiingereza, kwa Kiingereza sina masikio."

Nilichokuwa nasoma ni hicho. Hadithi fupi za vijana, kila moja ya aina yake: moja ya mzimu kwenye shule ya bweni, moja ya chombo cha angani, moja ya mpelelezi, moja ya binti mfalme na joka. Ila zote ni za wasichana wanaopenda wasichana na wavulana wanaopenda wavulana. Nilikuwa nimeshakisoma mara mbili, mlango umefungwa. Sikuwahi kudhani kwamba mtu kama mimi anaweza kuwemo kwenye hadithi na asiwe tatizo, awe tu na joka la kupigana nalo.

Basi nikawa natafsiri papo hapo, na katika kila hadithi nikamgeuza msichana mmoja kuwa mvulana. Nikamwita Idrisa. Ndilo jina lililonijia, na kwa woga nikashindwa kutafuta lingine, nikamweka Idrisa yuleyule kila mahali. Ulimgundua siku ya pili.

"Huyu Idrisa si ndiye aliyekufa jana kule bwenini?"

"Ni mwingine, Bibi."

"Kumbe. Na huyu ndiye anayerusha chombo?"

"Ndiyo."

"Mwanamume wa kazi nyingi."

Kisha nikafika pale nahodha anapokaa nyuma ya rubani na kumsuka nywele kabla hawajatua kwenye sayari ngeni. Nilikuwa nasoma haraka, nikasahau. Nikasoma kama ilivyo.

"Idrisa kasukwa?"

"Ndio mtindo wa huko, Bibi. Angani."

"Angani!" Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia kwenye dera. "Angani wanaume wanastarehe."

Na mimi nilicheka, nikajiona mjanja. Jumanne iliyofuata nilitafuta kitabu kwenye begi shuleni sikukiona, nikakikuta jioni chini ya kiti chako. Ukasema kilianguka. Nikakuamini, Bibi. Mimi muongo, nikaamini.

Bi Shirin alinivuta pembeni, kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yetu yakatufika kifuani. Akaniambia kwamba Jumanne ile ulitoa kitabu kwenye kikapu chako, ukakiweka juu ya meza na kusema, "Shirin, nisomee hiki kama kilivyo. Mjukuu wangu ananipunja."

Akakusomea ile ya angani. Alipofika kwenye kusukana aliendelea mbele, mpaka pale nahodha na rubani, wote wasichana, wanapoambiana kwamba wanapendana. Ulichukua kitabu ukaondoka, chai hukugusa. Jumanne iliyofuata hukwenda.

Wiki ile naikumbuka. Ulisema kichwa kinauma, hutaki kusomewa. Ulikaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida. Nilipokuletea uji ulisema "weka hapo", hukuniita mke mwenza, hukuniita chochote. Nikamuuliza Mama kama macho yanakuuma. Nilikuwa nakutengenezea mto mgongoni, na wewe unajua. Hapo ndipo nilipotaka kuinuka pale maktaba na kukimbia. Nilihisi umenishika jana, si miezi ile iliyopita, na kwamba ndiyo kwanza unaninyamazia.

Lakini Bi Shirin hakuwa amemaliza. Anasema Jumanne ya tatu ulirudi, ukakaa, ukaweka fimbo chini.

"Akaniambia, 'Sijalala vizuri, Shirin. Mungu atasemaje sijui, mimi si Mungu. Lakini mtoto ananificha mimi, mimi nisiyeona hata rangi ya chai. Nani kamtia hofu namna hiyo? Ni mimi?' Kisha akanisukumia kitabu, akasema, 'Haya. Endelea.'"

Ni mimi? Bibi, nimeisikia sauti yako ikiuliza hivyo, na sikuwepo kukujibu. Si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja. Ilikuwa shule, na ndugu zetu kwenye simu, na vile Mama anavyobadilisha stesheni ya TV watu kama mimi wakitokea. Wewe nilikuogopa kwa sababu wewe ndiye ambaye sikutaka kumpoteza.

Kwa hiyo kila Jumanne ulisikia hadithi ya kweli, na jioni ukasikia yangu. Sasa kila ulichosema kinanirudia na uso mwingine. Siku ya mpelelezi uliniuliza, "Huyu Idrisa anampenda kweli, au anamchezea?"

"Anampenda kweli, Bibi."

"Na kwao wanajua?"

"Hawajui."

"Masikini. Mzigo mzito huo kwa mtoto."

Ukanyoosha mkono ukanishika sikio, ukaliminya kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa na miaka tisa. Nilidhani tunamwonea huruma mpelelezi.

Nilimuuliza Bi Shirin kwa nini hukuniambia. Nilimuuliza kwa hasira, mpaka mtoto aliyekuwa anapaka rangi akageuka. Akasema, "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema hadithi ina mwenyewe, na mwenyewe hasukumwi."

Kuna kitu kimoja Bi Shirin hakukijua, na mimi pia sikukielewa hadi nilipokuwa nimesimama kituoni nikisubiri basi la kurudi. Siku tatu kabla hujatutoka, Mama alitoka kwenye chumba chako hospitalini amekunja uso. "Bibi yako anasema, 'Mwambie mke mwenza, Idrisa apumzike. Kachoka.' Idrisa ni nani?"

Nikasema ni mtu wa kwenye kitabu. Ilikuwa kweli, na Mama hakuniamini. Tangu tukuzike ananizunguka na maswali. Huyo Idrisa anasoma shuleni kwenu? Wazazi wake watu wa wapi? Anaswali? Juzi, akikunja nguo zako, akasema kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "Kama ni kijana mwenye adabu, mwambie aje kwenye arobaini. Bibi yako alimpenda."

Kumbe uliniachia ruhusa, Bibi, na mimi nikaichukulia kuwa maneno ya homa.

Sikukirudisha kitabu. Bi Shirin alikigonga muhuri upya bila kuniuliza.

Jana jioni Mama alirudi saa moja. Alitoka zamu ya mchana, miguu imevimba, akaweka maji ya moto kwenye beseni na kukaa. Kiti chako hatukikalii bado, alikaa kwenye kochi. Nikabandua karatasi ya kahawia. Ilikuwa imeshikana na jalada, ilitoa sauti, Mama akafumbua macho.

"Mama, nikusomee kitu? Bibi hakukimaliza."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Akashangaa, maana siku hizi namjibu Kiingereza. Akafumba macho. Hadithi ya mwisho haina mzimu wala joka. Ni Naomi na mwenzake, wanasubiri basi mvuani, basi haliji, na mmoja ana jambo la kusema. Nikafika pale jina la mwenzake linapotajwa. Mdomo wangu ulikuwa umeshamzoea Idrisa. Nilinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba niliwasikia mabata. Kisha nikasoma: "Tess akamshika Naomi mkono."

Mama hakufumbua macho. "Na Idrisa yuko wapi?"

"Hakuna Idrisa, Mama. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi."

Sasa akafumbua. Akaliona jalada. Akaniona mimi. Ulikuwa ule mtazamo anaoutoa simu ya Tanga inapolia alfajiri, kabla hajapokea.

"Kwa nini umtunge?"

"Nilikuwa naficha kwamba ni wasichana wawili." Kisha nikasema lililobaki, kwa sababu nisingelisema hapo nisingelisema tena. "Najificha mimi, Mama."

Aliutoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha, akautoa wa pili, akaukausha.

"Bibi yako alijua?"

"Alijua."

Akaweka kiganja mdomoni. Nadhani kilichomshtua zaidi ni hicho, kama mimi. Singependa kukudanganya tena, Bibi, kwa hiyo sitakuambia kwamba alinikumbatia. Hakunikumbatia. Aliitazama picha ya Babu, akakitazama kiti chako, kwa muda mrefu zaidi.

"Sijui niseme nini," akasema.

"Najua, Mama."

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Sita."

Akairudisha miguu kwenye beseni, ingawa maji yalikuwa yameshapoa.

"Soma."

Nikasoma mpaka mwisho, Bibi, kila mtu kwa jina lake. Asubuhi hii Mama ameondoka bila kunibusu, lakini ameniachia chai, ameweka tangawizi. Sijui maana yake. Nasubiri.

Jumanne nitakuja makaburini nikitoka shule nikusomee na wewe, maana ulibakisha hadithi moja na hukupenda kubakisha. Nitasoma polepole, sitakupunja. Idrisa nimemwacha apumzike.

Ni mimi,
mke mwenzako