Maji ya Kuoga ya Wazungu wa Sekenke

Jumamosi, 3 Novemba 1990
Kiporo, chai ya rangi, mgongo unauma. Halafu kilabuni Shelui kama kawaida. Leo nimetunga uongo mtamu. Masanja, mtani wangu Msukuma, kaniuliza Wazungu wa mgodi wa Sekenke waliacha wapi dhahabu. Siku hizi kuiuza ruksa, kila mtu anachimba. Nikamwambia walikuwa wanatoka shimoni na vumbi la dhahabu hadi masikioni. Wanaoga. Miaka yote ile. Maji yanamwagwa nyuma ya bafu, pale penye msingi wa mawe. Na mchemsha maji nilikuwa mimi.
Hilo la kuchemsha ni kweli. Kilabu kizima kimecheka, Masanja naye. Hakuna kama mimi.

Alhamisi, 8 Novemba
Masanja anachimba nyuma ya bafu. Nimecheka mpaka machozi. Nikaenda kumwona. Kaniwekea kiti, mkewe Kabula kaniletea uji. Nikasema ongezeni kina. Utani tu. Nadhani anajua.

Jumanne, 13 Novemba
Hajui. Kauza maksai wake wote wawili, kanunua pampu, maana shimo linajaa maji. Uji wa Kabula sikuumaliza. Mvua inakuja, atalima na nini?
Nilitaka kusema ukweli. Watu walikuwa wengi, wananiita fundi wa Sekenke. Nikawapa tena ile hadithi yangu ya kushuka shimoni na taa kichwani. Sijawahi kushuka. Niliogopa giza. Mzee hovyo mimi.

Jumapili, 18 Novemba
Wameosha mchanga kwenye karai kutwa nzima. Vifungo vya mashati. Wembe wenye kutu. Vifungo tena. Masanja kanimiminia vyote kiganjani.
Nikamwambia, "Masanja, ulikuwa utani."
"Utani ni wa msibani na wa pombeni. Mimi nilikuuliza habari ya chakula cha watoto."
Kabula hakuniangalia. Nimerudi kwa njia ya vichakani, kama mwizi wa kuku.

Ijumaa, 23 Novemba
Mvua imenyesha toka juzi. Kabula na watoto wanalima kwa jembe la mkono. Nimewaona toka barabarani.
Kilabuni wameomba hadithi. Sina.
Masanja huwa ananiita mtumwa wake, ananivua kofia, ananinyang'anya kata ya pombe. Leo kasimama pembeni.
"Shikamoo, mzee."
Toka tujuane hajawahi kuniamkia. Nimeitika marahaba. Bora angenitukana.

Jumamosi, 24 Novemba
Alfajiri nimepeleka maksai wangu na plau shambani kwake. Kashika plau, mimi nikaongoza ng'ombe mbele.
Mchana Kabula kaleta uji, mabakuli mawili. Nikasema maksai hawa wana akili kuliko Wasukuma wote. Masanja akanywa uji wake mpaka mwisho.
"Ahsante, mzee."
Upande wa bondeni tumemaliza. Kesho wa juu.